Chumvi, Sukari na Mulango wa Mama Mukwe

Munacheka vikopo vyangu. Muendelee tu. Juzi ninyi vijana wa atelye ya kutengeneza moteri mulikuja kuniomba kipande cha ngozi kwa ajili ya pompi ya taa, mukasimama uani mukiangalia rafu zangu, na mumoja wenu akanong'ona: "Huyu Papa anachunga mpaka hewa." Nilisikia. Masikio haya yanaweza kutambua moteri moja yenye kikohozi katikati ya moteri kumi, yangekosa kukusikia wewe? Nilikupa ngozi ukaenda zako. Lakini neno lilibaki, na kwa kuwa mugongo hauniruhusu tena kuinama juu ya moteri, nimechukua daftari ya mutoto na kalamu, ninawaandikia.

Mimi njo Papa Furaha. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri, na mwalimu hakulia. Lakini kutoka hapa Kalemie mpaka kule juu Ubembe, munionyeshe moteri ya mutumbwi ambayo haikupita kwenye mikono yangu. Watu wa diploma walikuwa wananisubiri nje, wamekaa juu ya bidoni, "Papa, tafazali, Papa." Nilishuka kutoka kaskazini na shati moja, tena la kaka yangu. Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati juu, na depo, yaani stoo, yenye kila kitu. Sina miaka ya kuitwa muzee. Mugongo tu njo ulichukua pansheni mbele yangu.

Na bado, siku moja, pamoja na depo hiyo yote, nilisimama nje ya mulango wangu mwenyewe kama nguzo ya simu, na ndani muntu alikuwa anakufa kwa kukosa vitu viwili ambavyo vilikuwa vimejaa pale pale pembeni yake: chumvi na sukari. Mulango haukuwa na kufuli. Ulikuwa nusu wazi. Nitawaambia. Lakini mujue kwanza depo ilitoka wapi, kama sivyo mutasema ni uchoyo.

Aliyenifundisha kuchunga ni Papa Ferdinandi. Kwenye karte yake ya kitambulisho waliandika jina lingine, maana wakati ule serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, lakini pale ufukoni hakuna hata ndagala moja ya ziwani iliyomuita kwa lile jina la karte. Alitengeneza taa za wavuvi, zile za kupiga pompi. Wiki yangu ya kwanza nilifagia chini ya meza yake nikatupa kiatu kimoja kilichopasuka. Aliporudi akauliza:

"Kiatu kiko wapi?"

"Nimekitupa, Papa. Kilikuwa kimekufa."

"Kilikufa kwa muguu. Kwa pompi kingali kijana. Ondoka, ukakitafute."

Nilikitafuta kwenye takataka mpaka saa sita, mbwa wakinishangaa. Papa Ferdinandi alikata ngozi ya kile kiatu vipande vya muduara, akaviloweka ndani ya mafuta ya mawese siku mbili, na kila kipande kikafufua pompi ya taa. Ninyi siku hizi munatumia mupira wa chambre ya velo, ule wa ndani ya gurudumu la baiskeli. Ni rahisi, ndiyo. Lakini mupira ukinywa petroli ya taa unavimba, na pompi inakwama mvuvi akiwa mbali na inchi kavu. Ngozi haivimbi. Ndiyo maana juzi mulikuja kwangu mukiinamisha vichwa, sivyo?

Basi nikawa muntu wa kuchunga. Misumari mibovu nilinyoosha juu ya jiwe, Jumapili baada ya misa, njo ulikuwa muchezo wangu. Wengine walicheza karata, mimi nilicheza misumari. Vipande vya buji, yaani mishumaa, niliyeyusha nikamimina ndani ya mukebe wa maziwa pamoja na uzi wa pamba, ikatoka buji nene kama mukono. Sabuni nilijifunza kwa wamama wa kaskazini: maji ya majivu ya maganda ya ndizi, unayachuja mpaka yanakuwa na rangi ya chai, unayachemsha na mawese, unakoroga mpaka mukono unakulaani. Sabuni yangu ilikuwa nyeusi na haikuwa na harufu nzuri, lakini iliondoa grisi ya moteri. Sabuni za duka zilikuwa zinaipaka tu grisi mafuta mengine.

Nilikosea? Nilikosea sana, na kukosea kwangu kulikuwa kukubwa kama kila kitu changu. Mwaka mumoja nilinunua unga wa mihogo mwingi wakati wa bei nzuri, nikauweka karibu na bidoni ya petroli. Petroli haikumwagika hata tone. Harufu tu. Lakini unga wa mihogo ni kama mwanamuke wa jirani: unachukua kila kinachopita hewani. Mama Furaha, muke wangu, alipopika bukari, ugali wetu, mara ya kwanza, sisi wote tukaangaliana.

"Papa Furaha," akasema, "hii tunakula ao tunawasha?"

"Inaua minyoo," nikamujibu, nikakata tonge kubwa kwa kiburi.

Tuliimaliza. Sikukubali hata siku moja kwamba ilikuwa mbaya. Lakini tangu siku ile chakula na petroli havilali chumba kimoja, na ninyi vilevile musivilaze.

Kosa lingine: niliweka gunia la chumvi ya Uvinza juu ya kasha la misumari. Mvua zilipofika, chumvi ikavuta maji, ikalia usiku na muchana juu ya misumari yangu. Nilipofungua kasha nilikuta uji mwekundu. Papa Ferdinandi alicheka mpaka akakaa chini. "Chumvi ni mugeni mulevi," akaniambia. "Usimulaze juu ya chuma." Toka hapo chumvi ninaiweka ndani ya chungu, na mufuniko ninauziba kwa nta ya buji. Sukari vilevile, ndani ya mikebe ya maziwa, mudomo umezibwa, na mikebe imesimama ndani ya sahani ya maji ili sisimizi wajifunze kuogelea.

Kuna mwaka mvua ilikata reli na treni haikufika muda murefu. Kartye yetu, mutaa muzima, ikakosa sabuni, ikakosa buji, ikakosa kiberiti. Wale waliokuwa wananiita Papa Vikopo wakaanza kuniita Papa tu. Sikumuuzia muntu. Bei yangu ilikuwa moja: unasimama pale uani unanisikiliza nikikuelezea namna nilivyofikiri mbele kuliko wewe, mpaka nimalize, kisha unapewa buji. Wengine walisema buji za wamisionari zilikuwa rahisi zaidi, maana mahubiri yao ni mafupi.

Sasa tufike kwa mama mukwe.

Muke wangu ni wa Kiambi, kule kwenye muto Luvua. Kwetu kaskazini bukwe, ile heshima ya wakwe, iko, unamuheshimu mama wa muke wako, unamupisha njia. Lakini kwa watu wa Kiambi bukwe iko na meno. Humuangalii usoni. Huli mbele yake. Hamusalimiani kwa mukono. Na chumba anamolala, hata kama ni cha nyumba uliyoijenga wewe, huweki muguu. Mukitaka kusema, mutoto anapeleka maneno. Mutoto asipokuwapo, munasema na kitu: yeye anakiambia kile kitu, wewe unakijibu, na kila muntu anajifanya hakusikia.

Mama Ngoie, njo jina lake, alikuja kutibiwa macho, akapenda hewa ya ziwa, akabaki. Nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili na depo. Nilirudi siku moja kutoka atelye nikakuta Mama Furaha ametandika kitanda ndani ya depo.

"Mama analala hapa," akasema. "Kuna hewa nzuri."

"Na vitu vyangu?"

"Vitaenda wapi? Havina miguu."

Mungu wangu! Nilijenga depo kwa mikono yangu, na kwa tandiko moja nikawa mugeni. Nikitaka musumari, ninasimama uani ninamutuma mutoto wangu kwa bibi yake: "Furaha, umuulize Koko kama anaweza kutoa kopo la misumari mirefu." Ndani, sauti inajibu kabla mutoto hajafungua mudomo: "Furaha, umuambie baba yako kwamba misumari yake nimeiondoa pale. Pale hata panya wanahitaji muongozi." Alikuwa anapanga upya! Kila siku nilisikia mikebe ikihama. Moyo wangu ulihama pamoja nayo.

Furaha akiwa masomoni tulitumia kinu, kile kilichosimama karibu na mulango wa depo. "Kinu," mama mukwe anasema, "ule mukebe wenye vipande vya kiatu ni wa nini? Mukwe wangu anataka kupika supu?" Na mimi ninamujibu kinu: "Kinu, vile vipande vilijenga nyumba hii." "Kinu, sasa ninaelewa kwa nini inavuja."

Msimu ule kolera ikaingia. Munajua namna inavyokuja, baada ya mvua, inaanza kwa watu wa ufuko, inapanda. Enfirmye mumoja, muuguzi wa zahanati tunayoita dispansere, alikuwa anapita kartye kwa kartye akifundisha, na mimi, ambaye sipendi kufundishwa, nilisikiliza, kwa sababu alisema kitu ninachokipenda: kipimo. Litre moja ya maji yaliyochemshwa. Sukari, vijiko vidogo sita, umevisawazisha kwa kisu. Chumvi, nusu ya kijiko kile kile. Ukizidisha chumvi unamuua muntu. Unamunywesha kidogo kidogo, akitapika unasubiri kidogo unaanza tena, na unamupeleka dispansere bila kukawia. Kila asubuhi nilichemsha maji nikayafunika ndani ya bidoni safi mbele ya nyumba. Nilijisikia kama gavana.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeanza kuwa kali. Mama Furaha alikuwa ameenda shambani, ng'ambo ya muto Lukuga. Mutoto masomoni. Mimi uani na mugongo wangu, ninanyoosha misumari. Nilisikia mama mukwe anatoka kwenda choo cha nyuma. Akarudi. Akatoka tena. Mara ya tatu hakutoka. Nikasikia anatapika ndani.

"Kinu," akasema, na sauti haikuwa ile ya kunichokoza, "umuambie mukwe wangu amuite mwanamuke."

Nikakimbia, yaani nilifanya kile mugongo unachokiita kukimbia. Nyumba ya kushoto, hakuna muntu. Ya nyuma, hakuna. Ilikuwa siku ya soko na wamama wote walikuwa huko. Nilimukuta tu Papa Kasongo, jirani yangu mwenye pusipusi, mukokoteni wa mizigo, analala chini ya pusipusi yake.

"Amuka! Mama mukwe iko na kolera!"

"Umuite mwanamuke," akasema.

"Wanawake wote wako sokoni! Twende tumutoe."

Akakaa. Akakuna kichwa. "Mimi pusipusi ninaweza kuleta. Lakini kuingia kwa mama mukwe wako, chumbani, na yeye amejichafua? Ndugu yangu, mimi si mukwe wake, lakini ni mwanaume; nawe mwenyewe ukiingia, kwa watu wa Kiambi utalipa mbuzi. Na laana juu."

"Basi ulete pusipusi, niende kumufuata mutoto masomoni."

Nikafika njiani nikasimama. Masomo yako mbali. Enfirmye alisema kolera inaweza kumukausha muntu kabla jua halijageuka. Nikarudi.

"Kinu," nikaita, "umuulize mama, anaweza kutoa chumvi na sukari hapa mulangoni?"

Ndani kitanda kikalia, basi.

"Kinu, umuulize viko wapi!"

Nikasikia anatapika tena. Vijana, mimi nimefungua moteri katikati ya mawimbi. Nimenyonya petroli kwa mudomo. Lakini ule mulango nusu wazi, na pazia lake la kitambaa cha maua, ulinishinda nguvu. Nilisimama. Mikebe yangu yote iko hatua tatu mbele yangu, na mimi ninasimama. Muda gani? Sijui. Muda wa kutosha kuona aibu mpaka leo.

Mwisho nikapata akili ya kwangu, na muisikie muone akili yenyewe: niligeuka, nikaingia kinyumenyume. Macho kwenye mulango, mikono nyuma inapapasa rafu. Nilisema, depo ni yangu, ninaijua gizani. Lakini alikuwa amehamisha kila kitu! Mahali pa chumvi nikashika misumari. Mahali pa sukari nikashika vipande vya viatu. Mikebe ikaanguka, buji zikabiringika, na nyuma yangu nikasikia, si kwa kinu, si kwa mutoto, kwangu mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza:

"Geuka, wewe mupumbafu. Utaniua kwa heshima."

Nikageuka.

Sitaandika nilichokiona, ni mama yangu. Nitasema tu kwamba macho yalikuwa yameingia ndani na mukono wake ulikuwa unaonyesha rafu ya chini, karibu na kichwa cha kitanda. Chungu cha chumvi na mukebe wa sukari vilikuwa pale pamoja, na kijiko kimefungwa juu kwa uzi. Alikuwa ameviweka pale mwenyewe, siku ile enfirmye alipopita. Ila kolera ilimuangusha kabla hajafika kwenye maji, na maji nilikuwa nayo mimi, nje. Yeye na chumvi ndani, mimi na maji nje, na katikati yetu kitambaa cha maua.

Nikaleta maji ndani, nikapima. Vijiko nikavisawazisha kwa kisu. Nikamuinua kichwa. Akatapika ya kwanza juu ya shati langu. "Tunaanza tena," nikamuambia. Kijiko, kijiko. Papa Kasongo alifika na pusipusi, akasimama mulangoni akifunika macho. Nikamukemea: "Ufunike macho ukiwa unakimbia!" Tukamubeba na tandiko lake, na njia yote ile mpaka dispansere nilitembea pembeni na chupa, kijiko, kijiko, watu wakitoka kuangalia mukwe anamunywesha mama mukwe barabarani. Walipomutundikia serumu, maji ya mushipani, enfirmye aliniuliza nani alianza kumunywesha. Nikamuambia. Akasema: "Umemufikisha akiwa hai." Nimesifiwa mara nyingi katika maisha yangu, mara nyingi na mimi mwenyewe, lakini ile sifa moja ninaichunga mahali pakavu.

Nyumbani nilichoma tandiko, nikasugua sakafu kwa sabuni yangu nyeusi na maji ya moto. Hakuna mwingine aliyeugua kwetu.

Habari ikafika Kiambi mbele ya uponyaji. Kaka yake Mama Ngoie akaja, muzee murefu, akaketi uani na fimbo yake.

"Uliingia?"

"Niliingia, Papa."

"Ulimuona?"

"Kama nisingemuona, kijiko ningekitia wapi, sikioni?"

Mama Furaha akaniminya mukono. Muzee hakucheka. Akasema ni mbuzi mumoja, tena dume, na mimi nikaanza kupandisha sauti: mimi nilipe mbuzi kwa kumuokoa muntu? Mimi, na depo yangu, na elimu yangu? Ndani, Mama Ngoie, ambaye alikuwa bado hana nguvu za kusimama, akasema:

"Kaka, atoe mbuzi. Desturi ni desturi. Lakini mbuzi ataliwa hapa hapa, na huyu mukwe atakula mbele yangu. Ameshaniona vibaya, sasa anione nikishiba."

Nikatoa mbuzi. Tukala kwenye mukeka mumoja, mimi nikitazama sahani, yeye akinicheka. "Angalia nyama inaungua motoni, usiangalie chini kama kuku," akaniambia. Toka siku ile hatukuhitaji tena kinu, na kwa kweli kinu kilipumzika, maana matusi ya mapenzi ya mama mukwe yalikuwa mazito kwa mbao.

Alipopona kabisa akarudi Kiambi. Nilimupa chungu cha chumvi, mikebe miwili ya sukari, sabuni, na kile kijiko. Nilifikiri habari imeisha hapo, na mimi njo shujaa wake. Kumbe miezi michache baadaye muntu mumoja wa velo alipita na ujumbe. Mama Ngoie amejenga depo yake ndogo, ya udongo na majani. Hakuijenga ndani ya nyumba. Ameijenga nje, kando ya njia watu wanapopita kwenda mutoni, na maji yaliyochemshwa yako pale pale pamoja na chumvi. Yule muntu wa velo alisimama uani kwangu, akarudia maneno kama alivyoagizwa:

"Umuambie mukwe wangu: mimi na yeye, aibu yetu tuliimaliza kwa mbuzi. Wengine hawana mbuzi wa kulipia mulango."

Asubuhi ile ile nilichukua nyundo na tindo, mugongo ukilia, nikatoboa depo upande wa barabara, nikaweka mulango wa pili. Mulango ule, niwaambie ukweli, hakuna seremala wa hapa mujini anayeweza kuutengeneza hivyo. Hauna kufuli wala kitambaa. Chumvi na sukari ziko mukono wa kushoto, kwa kimo cha mutoto, bidoni ya maji chini yake, na kijiko kiko na uzi wake. Mukihitaji, awe ni mama mukwe, awe ni nani, musipige hodi.